Bakuli la Kocha Kerbrat

Njia ya Kanisa 9,
Lannbihan, Bretagne.
19 Mei 2019

Mpendwa Shangazi Soizig,

Hujambo huko Quebec? Theluji imekwisha? Na goti lako, limepata nafuu? Sisi tu wazima, ila wiki hii nimekuwa mpelelezi, kazi isiyonifaa kabisa.

Bila shaka unamkumbuka Loïc Kerbrat, beki aliyecheza hapa pamoja na baba, timu kubwa zikamchukua akiwa na miaka kumi na saba. Alicheza miaka kumi na minne, akawa kocha wa timu ya daraja la pili, akafukuzwa. Sasa anafundisha timu yetu ya kijiji.

Kaka Ewen, kipa wetu, amepata nafasi katika shule ya soka mjini Rennes. Kerbrat anamshauri abaki mwaka mmoja amalize masomo, atamnoa mwenyewe. Baba anataka aende. Ewen alisema kocha akibaki, naye anabaki. Jibu lilitakiwa kutumwa Jumamosi.

Jumatano bakuli la Kerbrat halikuwepo rafuni. Unajua desturi ya klabu: baada ya mazoezi kila mtu hunywa supu kwa bakuli lenye jina lake, na anayehama huondoka nalo.

"Ashaaga huyo," alisema Bi Annick, mpishi wa supu.

"Alishatuacha mara moja," akadakia mumewe. "Atashindwaje mara ya pili?"

Ewen alirudi nyumbani akaanza kujaza fomu ya Rennes.

Mimi nikaanza kumchunguza Kerbrat. Ana viatu vipya. Simu anapokelea nje. Alhamisi nilimfuata hadi duka la mikate, akageuka ghafla.

"We Nolwenn, mbona unanikodolea macho kama refa? Hebu niambie mmenifichia wapi bakuli langu. Jana nimenywa supu kwa glasi kama mgeni!"

Mtu anayehama haulizi hivyo. Nilijiuliza ni nani angefurahi Kerbrat akionekana anaondoka, na jina lililonijia likanitia aibu. Bakuli nililikuta stoo kwetu, nyuma ya chupa za mvinyo wa tufaha, limeviringishwa ndani ya sweta ya baba.

Nilimpelekea baba. "Lirudishe, baba, au nitamwambia Ewen."

Alilichukua. "Mimi nilibaki, Nolwenn. Si unaniona?"

Ijumaa bakuli lilikuwa rafuni. Bi Annick anaapa kwamba Kerbrat amebadili mawazo. Ewen alichana fomu, akawaandikia Rennes wamsubiri mwaka mmoja. Hajui lolote.

Shangazi, ulikuwepo enzi hizo. Ni kweli baba naye aliitwa pamoja na Kerbrat, akakataa? Niandikie mimi peke yangu.

Nisalimie binamu Maude na mapacha wake. Mungu awalinde nyote.

Karibu nisahau: jana baba alijitolea kuipeleka barua ya Ewen posta. Nilimfuata kwa mbali, nikasimama nyuma ya ukuta wa kanisa hadi nilipoiona bahasha ikitumbukia sandukuni. Hii yako nitaipeleka mwenyewe.

Wako akupendaye,
Nolwenn