Mpaka Nyundo Wafungwe

3 Mei

Mwanangu Akiba,

Hujambo baba? Kile kikohozi kimekuacha? Na huko kwenye kazi yenu ya kufunga malifti mnakula chakula cha maana au ndiyo mkate na soda kila siku? Mimi sijambo, miguu tu ndiyo inanikumbusha umri.

Nakuandikia kwa kalamu na barua nampa dereva wa basi, kwa sababu simu ya nyumba hii ni ya baba yako. Ikiita anaidaka yeye, anaweka spika, mnaanza habari zenu za kikapu, na mimi naambulia "mama anakusalimu". Jambo lenyewe sitaki alisikie.

Yale maumivu ya tumbo aliyokuwa anasema ni gesi, si gesi. Daktari ameona uvimbe. Anataka afanyiwe operesheni wiki ijayo, kabla haujasambaa. Unajua baba yako amemjibu nini? "Daktari, mwezi huu nimebanwa na kazi gereji." Kazi gani? Gereji kuna pikapu moja ya kunyoosha bodi, na mwenyewe hata rangi hajaleta. Tulipotoka nje ndipo akanipa ukweli: Nyundo, timu yenu ya kikapu, wameingia mchujo wa ubingwa, na yeye hawezi kulala hospitali Nyundo wakiwa kwenye mchujo. Siku wakitolewa, kesho yake anakwenda.

Nikasema haya, maana Nyundo nawajua, hawachelewi kutolewa. Juzi wameshinda.

Mama yako


7 Mei

Shikamoo mama,

Nimeipata barua yako. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Kazini tunafunga lifti mpya kwenye jengo la ghorofa, na msimamizi hataki kusikia neno ruhusa mpaka aione inapanda na kushuka yenyewe. Ningekuwa nimeshafika.

Mwambie baba uvimbe haujui ratiba ya ligi. Mwambie kwa upole, unajua alivyo. Lakini usihangaike sana. Nusu fainali wanakutana na Mawimbi, mabingwa watetezi. Timu yetu tangu nizaliwe imegusa fainali mara moja tu, na siku ile nyumba nzima ilikosa hamu ya kula. Mawimbi watawamaliza mchana kweupe, na mzee atakuwa kitandani hospitali kabla barua hii haijakunjika vizuri.

Mwanao, Akiba


13 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Sisi ndiyo hivyo. Mechi ya kwanza Mawimbi wamepigwa, na kwa kuwa nusu fainali ni mechi tatu, Nyundo wakishinda moja nyingine wako fainali.

Mimi sikuiona. Mahali pangu si unapajua? Jikoni. Tangu ile fainali ya zamani nilipoingia na chai na yule mchezaji wenu akakosa mtupo wa mwisho, mimi ndiye nuksi ya nyumba hii, wewe na baba yako mkanipitishia hukumu bila kesi. Mechi zote nazisikilizia ukutani. Kiti kikilia, tumefungwa. Akipiga paja, tumefunga. Safari hii kiti kimelia sana, na nadhani si kwa ajili ya mpira. Nilichungulia mlangoni nikamwona amejikunja, ameshika ubavu, macho bado kwenye televisheni.

Ile fulana ya njano hataki ifuliwe, eti bahati itatoka na sabuni. Inamning'inia sasa. Zamani ilikuwa inamkaba tumbo tukamcheka.

Hospitali wamempa tarehe nyingine. Imeangukia siku ya mechi. Amemwambia nesi kwamba ana msiba. Nesi wa watu akampa pole.

Mama yako


17 Mei

Shikamoo mama,

Leo sina mzaha. Maisha yangu yote nimeomba Nyundo washinde. Baba aliniita Akiba kwa kuwa kwenye timu ya shule nilikuwa nakaa benchi, na hata nikiwa benchi yeye alikuja kunitazama nimekaa. Jana nimejikuta ukingoni mwa kitanda naomba Nyundo wafungwe. Niliona aibu kama mtu anayeiba kwao.

Sasa nakuomba kitu, usinicheke. Mechi ijayo toka jikoni. Ingia sebuleni, kaa kwenye kochi, tazama mpaka kipenga cha mwisho. Akikufukuza usitoke. Kama kweli wewe ni nuksi, basi nuksi hiyo itusaidie mara hii moja. Wakifungwa hiyo, na wakifungwa inayofuata, baba anakwenda hospitali.

Najua ni mambo ya kitoto. Sina jingine la kufanya nikiwa huku.

Mwanao, Akiba


22 Mei

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na ulichoniagiza nimekifanya.

Niliingia robo ya nne inaanza. Nikakaa.

"Unafanya nini?"

"Nimechoka kusimama."

"Mama Akiba, nakuomba. Robo ya nne hii! Nenda hata kwa jirani."

"Siendi."

Alinitazama kama nimemletea polisi. Kunisukuma asingeweza, nguvu yenyewe hana. Basi tukakaa. Mimi sijui sheria, nikamuuliza kwa nini wanasimama-simama, akanijibu kwa hasira, halafu akanijibu bila hasira, halafu akaanza kunieleza mwenyewe bila kuulizwa. Yule mrefu mnayemwita Ngazi, nilikuwa namjua kwa kelele tu. Sikujua ni kijana mwenye uso mpole vile.

Tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Saa inaisha. Yule mfupi akarusha kutoka mbali, karibu na katikati ya uwanja. Mwanangu, niliingia mle ndani ili wafungwe. Nilijua kwa nini nimeingia. Lakini mpira ulipokuwa hewani nikasahau. Nilitaka uingie.

Ukaingia. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Baba yako alikuwa analia. Akanishika mkono, akasema, "Kumbe miaka yote tulikuwa tunakutoa nje bure."

Sasa ni fainali. Anataka nikae naye mechi zote, mahali pale pale, na kitenge kile kile. Ya hospitali hataki hata yatajwe. Na mimi jana sikuyataja.

Mama yako


27 Mei

Shikamoo mama,

Sikuwa na la kukuandikia, ndiyo maana nikampigia yeye. Nilipanga maneno tangu asubuhi nikiwa ndani ya shimo la lifti. Nitamwambia baba, unajiua. Nitamwambia mama anadhoofika kwa ajili yako. Nitamwambia sitaongea nawe mpaka uende.

Akapokea, akasema, "Akiba! Umeuona ule mtupo?"

Mama, tukaongea mpira mpaka salio likaisha. Nilikuwa nacheka. Yeye alikuwa akisimama katikati ya sentensi ili avute pumzi, na mimi nilikuwa nangoja amalize, kisha naendelea na habari za Ngazi. Sijui kuongea na baba yangu kitu kingine. Sijawahi kujifunza, na yeye hakunifundisha.

Jaribu wewe, mama. Wewe una lugha naye.

Mwanao, Akiba


9 Juni

Mama! Mabingwa!

Shikamoo kwanza, nilitaka kusahau adabu. Nimeitazama kwenye simu ya msimamizi, tumejibana wanne kwenye ngazi, wenzangu hata hawaijui Nyundo lakini walishangilia kwa kunihurumia. Ngazi alipolibeba kombe nililia kama mtoto. Nilikuwa nawaza uso wa baba.

Haya, sasa hana kisingizio. Mchujo umekwisha, wameshinda, hakuna mechi nyingine. Mpeleke kesho. Mwambie ubingwa ni dawa, aende akiwa na furaha, atapona upesi.

Mbona huandiki? Simu anapokea yeye, anasema kila kitu sawasawa, anarudi kwenye mtupo ule ule. Na sauti yake siipendi. Niandikie.

Mwanao, Akiba


24 Juni

Mwanangu,

Nisamehe kwa ukimya. Natumaini unakula na unalala. Kalamu niliishika mara nyingi nikaiweka.

Siku ya fainali hakuweza kukaa kitini. Nilimtandikia godoro sebuleni nikamwegemeza kwenye mito, na mimi nikakaa sakafuni karibu na kichwa chake. Waliposhinda hakupiga kelele. Alitabasamu, akaniuliza, "Umeona?" Nikamwambia nimeona. Akauliza tena, "Umeona lakini?"

Asubuhi aliamka mwenyewe akasema twende. Aliingia hospitali na fulana yake ya njano, mlinzi wa getini akampa mkono wa pongezi kama vile kacheza yeye. Nesi yule wa msiba alimtambua, akaitazama fulana, kisha akaandika jina lake.

Wamemfungua, wakamfunga. Uvimbe umefika kwenye ini na kwingine. Daktari aliniita kando akaniuliza, "Mama, mlikuwa wapi mwezi mzima huu?" Nikamjibu tulikuwa nyumbani.

Tumerudi naye. Nilikusudia kumficha, nikajifanya mchangamfu, nikamwambia operesheni imekwenda vizuri na sasa ni kupumzika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniuliza la daktari hata moja. Jana aliniuliza msimu mpya unaanza lini. Nikamwambia mwezi wa kumi. Akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, akafika kidole cha pili, akaushusha mkono juu ya shuka.

Kisha akasema, "Mwandikie Akiba aje. Mwambie asingoje msimu."

Mama yako