Profesa wa Darasa la Tano Anaumwa Tumbo

Mpendwa mshauri, nisomee barua hii leo leo kabla Jumatatu haijanikuta, naandika nikisikiliza kipindi chako cha redio Jumapili hii na nimekwama kwelikweli. Mimi ni fundi cherehani, nina binti wa darasa la tano, nyumbani tunamwita Profesa, jina alilopewa na baba yake kwa utani likaganda, na mwalimu wao ana utaratibu mzuri sana, kila Ijumaa anatuma ujumbe kwenye kundi la wazazi kueleza wiki hii darasa limejifunza nini na wiki ijayo watasoma nini, basi wenzangu wanajibu "asante mwalimu" wanaendelea na maisha yao, lakini mimi, mshauri, nikiupata ule ujumbe nazima cherehani.

Jumamosi na Jumapili namfundisha mwanangu masomo ya wiki ijayo. Yote. Mzunguko wa maji naumaliza na sufuria jikoni mwalimu hajashika hata chaki, hesabu za sehemu, nusu na robo, tunazikata kwa mkasi wangu, insha tunaiandika kabisa, na Jumatatu mkono wake uko juu swali halijaisha. Nilianza alipokuwa darasa la nne, siku aliyokosa hesabu ubaoni wenzake wakamcheka akarudi macho yamevimba, nikaapa mtoto wangu hatachekwa tena nikiwa hai, na kweli hajachekwa, anaongoza darasa, na sitakudanganya, nilijisikia raha, hasa mbele ya wifi yangu.

Sasa Jumatano darasa lilimaliza hesabu za sehemu mapema, mwalimu akaanzisha desimali ambazo hazikuwa kwenye ujumbe, haukupita muda shule ikanipigia nikamchukue binti, tumbo linamuuma, nikakimbia na futi yangu ya kupimia nguo shingoni, kumgusa hana homa, tulipotoka tu getini akanitazama kwa hasira akasema, "Mama, mbona hukuniambia kama kuna desimali?"

Ijumaa ndiyo nikachoka kabisa. Ujumbe ulisema wiki ijayo, kuanzia Jumatatu, kila kikundi kitafanya jaribio la sayansi ambalo hakuna mtoto aliyewahi kuliona, kisha kila mmoja asimame aeleze alichodhani kitatokea na alipokosea, na wazazi tunaombwa tusiulize ni jaribio gani. Nikampigia mwalimu nikijifanya nauliza habari za sweta za shule, nikachomekea kidogo, akaangua kicheko, "Mama Profesa, utajua Ijumaa ijayo pamoja na wenzako." Tangu jana binti analalamika tumbo, baba yake anataka kumpeleka hospitali, mimi najua hii si ya hospitali. Binamu yangu anafundisha shule hiyo hiyo, nikimbembeleza ataninong'oneza. Nimwombe? Au kesho nimwache abaki nyumbani? Maana nikimpeleka hivi hivi, mwanangu ataumbuka.

Mama Profesa

*

Mama Profesa, pole. Na huyo binamu mwache na kazi yake, usimtafutie balaa.

Nimecheka uliposema unazima cherehani, halafu nikafika pale getini kicheko kikaniisha. Ulitaka kumkinga na kicheko cha siku moja, ukamwachia woga wa kila siku. Mtoto sasa anaamini kutojua ni aibu, na kwamba kazi yako wewe ni kumficha aibu hiyo. Ulifanya kwa upendo, hilo silipingi, lakini upendo gani huo dada yangu, wa kumtafunia mtoto mwenye meno yake? Halafu wifi yako anahusikaje na hesabu za darasa la tano? Acheni hizo!

Kesho anaenda shule. Leo usifungue kitabu. Mkalishe kwenye cherehani, mpe kitambaa chakavu na zipu, mwambie aishone, na usimwonyeshe kwanza. Itakwenda upande, uzi utakatika, atakugeukia. Nyamaza, jing'ate ulimi ikibidi. Akimaliza fumueni pamoja, huku unamsimulia zipu ulizoharibu ulipokuwa unajifunza, na nguo ya mteja uliyowahi kuiunguza kwa pasi, maana najua ipo. Mwache akucheke mpaka achoke. Anahitaji kuona mtu anayempenda amekosea, na jioni chakula kikaliwa kama kawaida.

Tumbo likiuma asubuhi usibishane nalo, ni la kweli, woga unauma. Mwambie, "Najua linauma, twende." Msindikize hadi getini, ugeuke uende kazini. Usizunguke kuchungulia dirishani, nishakujua. Kisha mpigie mwalimu, safari hii uache habari za sweta, mweleze yote kama ulivyonieleza mimi, ili akimwona binti amekwama ajue cha kufanya.

Ujumbe wa Ijumaa endelea kuusoma, lakini ishia pale pa wiki iliyokwisha, na binti ndiye akufundishe wewe, mkiwa jikoni. Ya wiki ijayo mwachie mwalimu, ni kazi yake.

La mwisho, mwambie baba yake hilo jina la Profesa lipumzike. Mtoto anayeitwa Profesa atapata wapi ujasiri wa kusema "sijui"? Mwiteni jina lake. Siku mliyompa hakuwa anajua lolote, hata shingo yake ilikuwa haijakaza, na mlimpenda hivyo hivyo.