Kikombe cha Kupandisha Kinga

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Uji, kisha vidonge vya mke wangu saa moja kamili. Figo aliyopewa na binti yetu Anyisile inakaribia mwaka wa pili. Presha nzuri. Mkojo mzuri.

Kina mama wa usharika walikuja kumwona. Wakauliza kwa nini haonekani kanisani. Nimefundisha baiolojia hapa Mafinga mpaka nikastaafu. Kujibu kwa ufupi sijui. Nikasema kinga yake imeshushwa. Kabla sijafika kwenye sababu, chai ikaletwa. Nikaachia hapo.

Ijumaa, 7 Machi

Amekohoa. Kidogo.

Shemeji Atupele, dada yake, amefika na basi kutoka Mbeya. Ana furushi: mlonge, tangawizi, vitunguu saumu, na mizizi ambayo hakuitaja jina. Kapigiwa simu na kina mama kwamba kinga ya mdogo wake imeshuka. Huku kwetu maneno hayo yana maana moja: mtu anakwisha, apandishwe haraka.

Nilianza kumweleza. "Shemeji, wewe fundisha. Mimi napika." Nikacheka. Nikaenda kwa fundi kuangalia mbao za kabati.

Jumapili, 9 Machi

Homa, si kali. Kikombe cha dawa ya shemeji asubuhi, kingine jioni. Nimekiona. Nilitaka kukizuia, nikaona aibu kumuudhi mtu aliyesafiri siku nzima kwenye mvua. Nikajiambia ni mimea tu.

Anyisile alipiga simu kutoka Iringa. Mama yake akasema yuko salama. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Sikumsahihisha.

Jumanne, 11 Machi

Miguu imevimba. Mkojo haba. Maumivu chini ya tumbo upande wa kulia, pale ilipopandikizwa. Nimeogopa sana.

Tulikodi gari kwenda hospitali Mbeya. Njiani, Igawa, tukasimama atapike. Shemeji alimshika kichwa njia nzima.

Mbeya, daktari akauliza kama ametumia dawa za kienyeji. Shemeji akajibu kwa fahari: "Nimempa za kupandisha kinga, daktari. Alikuwa ameshuka kweli." Daktari hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Walichukua kipande cha figo kwa sindano. Majibu yametoka: mwili unaikataa.

Naandika nilivyoelezwa, maana kueleza ndiko kunakonituliza. Kinga ni mbili. Moja hujifunza: humtambua mgeni na kumkumbuka. Hiyo ndiyo hasa dawa zetu zinaifunga. Nyingine tunazaliwa nayo. Haingoji kufundishwa. Ikisikia kishindo, kijidudu kifuani au seli iliyoumia, inakurupuka na kupiga ovyo, halafu inaiamsha ile inayojifunza. Dawa zetu haziifungi sawasawa.

Kifua ndicho kilichopiga kishindo, anadhani daktari. Mizizi huenda ilichochea. Hana hakika, na hakutaka kunidanganya. Ila alisema wazi kwamba tulipaswa kuja kikohozi kilipoanza.

Hiyo ya kuzaliwa nayo niliifundisha kwa aya moja ubaoni, miaka yote. Nilikimbilia ile nyingine. Ndiyo iliyokuwa na michoro mizuri.

Jumatatu, 17 Machi

Wanampa dawa kali kwa mshipa. Hali ile ile.

Shemeji amejua kwamba huenda mizizi yake ilichochea. Nilimkuta sakafuni nje ya wodi, kajifunika khanga usoni. "Nimemuua mdogo wangu." Nikakaa naye pale chini, na magoti yangu haya. Nikamwambia kinga yake tunaishusha wenyewe, kwa makusudi, isije ikaipiga figo ya mtoto.

Akajifunua. "Ni hivyo tu?"

Ni hivyo tu.

"Sasa mbona hukusema, shemeji? Mwalimu mzima!"

Jumatatu, 31 Machi

Figo imekufa. Ataishi kwa kusafishwa damu kwa mashine. Tutahamia hapa Mbeya, kwa shemeji.

Anyisile amekuja. Nilimsimamisha koridoni nikamwambia yote kabla hajaingia: kikombe, homa, ile simu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama hata akizimia atasema yuko salama. Mimi nilikuwa nakutegemea wewe, baba."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alilazwa, akapasuliwa, akatoa kiungo chake kizima, na mimi nikashindwa kuzuia kikombe.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Nyimbo zinasikika kutoka barabarani. Baridi.

Jana mashine ilimchosha. Leo ameamka vizuri, akaomba kusukwa. Anyisile amekaa kitandani nyuma yake na kitana. Kwangu mimi amekuwa na salamu tu. Sidai zaidi.

Figo bado imo. Madaktari huiacha mahali pake kama haileti matatizo. Mke wangu aliweka mkono pale, juu ya kovu.

"Mwanangu, nikurudishie mali yako?"

Shemeji aliacha kumenya viazi. Anyisile akacheka, akainamisha uso kwenye bega la mama yake.

"Kaa nayo, mama."

Kisha akachukua kitana, akatafuta pale alipokuwa ameishia, akaendelea kusuka.