Mrija Wako, Mama

Kasulo, Ngara
Jumapili, baada ya Misa

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa ajili ya barua iliyopita, ile niliyosahau. Koleta aliniandikia kwamba ulisubiri salamu mpaka mwisho wa ukurasa, ukakuta habari za injini tu, ukasema, "Huyu ni wangu kweli, hajabadilika." Basi safari hii nimeziweka zote mbele. Hujambo? Goti la kushoto linasemaje? Migomba ya nyuma ya jiko imepona? Bibi anakula? Na wewe Koleta unayesoma, hujambo mdogo wangu. Soma polepole, usiruke mahali hata ukiona narefusha.

Mimi ni mzima. Vumbi la unga linanikohoza kidogo, lakini nafunga kitambaa puani. Magari ya kuja huko bado yanasindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi, ndiyo maana barua zinachelewa. Hii anakuletea dereva wa lori la maharage, mtu mrefu mwenye pengo. Mpe maji ya kunywa, na upokee kifurushi alichonacho. Usikifungue kwanza. Koleta, mzuie.

Mama, nilikuwa karibu kurudi nyumbani na mashine juu ya lori. Sikukuambia wakati ule kwa sababu nilikuwa naona aibu. Sasa imekwisha, naweza kusema.

Unakumbuka ulipouza ng'ombe wa marehemu baba ili tununue hii mashine ya kusaga. Baba mdogo alisema mbele ya ukoo wote kwamba unamkabidhi mali mtu asiyeweza hata kumtazama mwenzake usoni. Ukamjibu, "Mashine haitaki kutazamwa usoni, inataka kusikilizwa." Maneno hayo nimekuja nayo huku, nayarudia kila asubuhi ninapovuta kamba ya injini.

Na ni kweli tupu. Hapa kambini wakimbizi wanagawiwa mahindi ya punje nzima, lazima wayasage, kwa hiyo tuko mashine sita kwenye mstari mmoja, yangu ya mwisho. Unajua mimi na kelele za watu. Unakumbuka harusi ya dada, nilivyojifungia stoo na mikono masikioni. Lakini mashine ikinguruma inafunika sauti zote, inabaki moja, na ndani ya hiyo moja nasikia kila kitu: mahindi mabichi, mahindi makavu, jiwe, mkanda unaotaka kuteleza. Siku moja nilisikia nyundo ya tatu, katika zile za ndani zinazoponda mahindi, imelegea. Nikazima. Watu wakaguna, wakasema mtu huyu ana wazimu, mashine inasaga vizuri anaizima! Nikafungua, nikawaonyesha boliti imebaki kidogo tu ichomoke. Ingechomoka ingepasua chekeche na labda kichwa cha mtu. Hizo mashine nyingine tano zimeshalala mara nyingi zikisubiri fundi. Yetu haijalala kwa ubovu hata siku moja, na chekeche lake, mama, nalipiga brashi kuanzia

Haya, nimeanza tena. Koleta, acha kucheka.

Taabu ilikuwa watu. Mtu ananisalimia, mimi nasikiliza mkanda, simjibu. Wakasema najivuna. Bibi mmoja alileta mahindi, nikamwambia mbele ya watu, "Yana mchanga, nenda ukapepete." Ilikuwa kweli, yalikuwa na mchanga! Akalia. Kumbe gunia lilimpasukia njiani, akayaokota chini punje kwa punje. Sikujua. Nilijua mchanga tu. Siku hiyo sikula.

Aliyeniokoa ni Donata. Huyu ni binti wa watu wa kijiji cha Mabawe, anauza chai na maandazi ubavuni mwa banda langu. Siku hiyo alisimama akamfuta bibi machozi, akaniambia, "Wewe saga. Maneno niachie mimi." Tangu hapo yeye ndiye anayepokea wateja. Mtu akinisalimia nisijibu, Donata anapaza sauti, "Anakusalimu huyo! Masikio yake yako ndani ya mashine, subiri yatoke." Wanacheka, wanakaa, wananunua na maandazi. Na mama, akikasirika anasema, "Nimekasirika." Anasema kwa mdomo, sina haja ya kumtafuta usoni kama ninavyowatafuta watu wengine nisiwapate. Sijawahi kuona mtu mwepesi kumwelewa kama huyo.

Kilichowaleta watu kwa wingi ni kitu ambacho mimi sikukiona kama kitu. Unajua kila ukisaga kuna unga unaobaki ndani ya mashine, kama viganja viwili vitatu. Wasagaji wengi wanauacha, jioni wanaukusanya wa kwao. Mimi siwezi. Unga wa mtu ukibaki mle nawashwa mwili mzima, siwezi kuingiza mahindi ya mwingine juu yake. Kwa hiyo nazima, nagonga pande zote nne, nafagia kwa brashi mpaka chembe ya mwisho, namwongezea mwenyewe. Nachelewesha mstari, naambiwa hivyo kila siku. Lakini mtu anayepimiwa chakula kambini anaujua uzito wa viganja viwili vya unga. Habari ikaenea. Mtaa mzima wa Mzee Stanisilasi ukahamia kwangu.

Sasa huyu Mzee Stanisilasi ndiye chanzo cha matatizo, na ndiye mwisho wake. Ni mkimbizi, mtu mzima wa rika la baba, ndiye kiongozi wa mtaa wao kambini. Anakoelekea yeye na wenzake wanaelekea huko huko. Siku moja mchana alikuja na wazee wanne na kibuyu cha pombe ya ndizi kunishukuru. Alisimama mbele ya mstari wote akasema maneno mazuri. Akaonja yeye kwanza, kama ilivyo desturi yao na ya Wahangaza, wenyeji wa huku, kuonyesha haina kitu. Wazee wakapokezana mrija. Halafu akanipa mimi.

Mama, mrija ule ule. Ulikuwa umelowa.

Unanijua. Tangu mtoto kitu kilichoingia mdomoni mwa mtu hakipandi kwangu, hata chako wewe uliyenizaa, ndiyo maana ukanitengea kile kikombe cha bati. Nikarudisha mikono nyuma. Nikasema, "Siutaki," kisha nikageuka nikawasha mashine, kwa sababu nilitaka kelele.

Unajua maana yake kwa watu hawa? Mwenzako ameonja, wewe unakataa: umesema mbele ya watu kwamba ni mchawi, ana sumu. Na hawa ni watu waliokimbia majirani zao wenyewe. Mzee alifunga kibuyu chake akaondoka. Kesho yake hakuja mtu. Keshokutwa hakuja mtu. Siku tisa mashine yetu haikusaga debe moja, nami naipangusa tu, nasikia zile tano zikinguruma. Niliwaona ng'ombe wa baba wakiyeyuka mbele ya macho yangu. Dereva wa lori nilishaongea naye.

Donata alisema tukamwambie mzee kwamba nilikuwa naumwa tumbo. Nikamwambia sikuumwa tumbo. Akasema, "Najua hukuumwa, ee Mungu wangu, mtu huyu!" Akaenda hatua chache akarudi, akasema, "Basi nenda na hiyo kweli yako. Nakusindikiza."

Njiani nilirudia ulichonifundisha: shikamoo, mkono, hesabu moja mbili tatu, achia. Nilihesabu mpaka saba kwa woga, mzee akavuta mkono wake mwenyewe. Nikamwambia yote nikitazama miguu yake. Kwamba sikukataa pombe yake, nilikataa mrija. Kwamba niko hivi tangu kuzaliwa. Nikamweleza na kikombe cha bati.

Akauliza, "Hata wa mama yako?"

"Hata wa mama."

Akasema, "Mwanangu wa tatu alikuwa hali maharage yakigusana na ugali. Mama yake alimtengea vibakuli viwili. Alikuwa anatengeneza saa za watu, hata saa iliyowashinda mafundi wote wa mjini."

Nikauliza, "Yuko wapi?"

Donata alinifinya mgongoni, nikajua nimekosea.

"Sijui," akasema mzee. "Tulipotezana kabla ya daraja la Rusumo, pale mpakani."

Nikakaa chini pale kwenye jamvi lake, tukakaa muda mrefu sana, mpaka Donata akaona bora akasaidie kuchambua maharage. Mwishowe mzee akasema, "Kila anayeniuliza habari zake ananiambia nijipe moyo. Wewe umekaa tu. Kaa." Nikakaa tena.

Kesho yake asubuhi alikuja wa kwanza, na mfuko wake kichwani, na mtaa wake nyuma. Donata alilia hadharani. Akasema, "Nalia kwa furaha," ili nisihangaike.

Sasa sikiliza sana hapa. Nataka kumposa Donata. Nimemuuliza, akasema ndiyo, ila nimechelewa kama ninavyochelewesha mstari. Lakini siku ya posa baba yake atatoa kibuyu, na mkwe lazima anywe naye. Mrija mmoja. Nilipomwambia Mzee Stanisilasi kwamba sikulala siku mbili kwa ajili ya jambo hilo, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamtuma Donata kuzungumza na baba yake, na mzee mwenyewe akakata matete akatengeneza mirija, kila mtu wa kwake, kibuyu kimoja. Baba mkwe amekubali, amesema mradi pombe ni ile ile. Mzee alinipa kisu niisawazishe urefu mwenyewe, maana alijua isipolingana sitakunywa nitakuwa naitazama tu.

Yeye hataweza kufika Mabawe, wakimbizi hawaruhusiwi kutoka kambini. Lakini alihesabu: wa kwangu, wa Donata, wa baba yake na mama yake, wa baba mdogo ambaye nataka aje aone. Nikafikiri tumemaliza. Akachukua tete jingine, akachagua lililo zuri kuliko yote, akalilainisha muda mrefu. Akasema, "Na huyu aliyekutengea kikombe."

Nisalimie bibi, mwambie mjukuu wake bado hali mboga zenye utelezi. Nisalimie baba mdogo, kwa heshima zote. Jirani yetu wa kisimani, na katekista aliyenivumilia darasani. Koleta, asante kwa macho yako.

Sasa fungua kifurushi, mama. Huo ni wako, haujaguswa na mdomo wa mtu. Uje nao.

Mwanao mwenye masikio,
Apolinari