Diski ya Kilifi na Mikono ya Kadzo

"Mashine haina kosa. Inazima kwa sababu inashikwa na mikono isiyoizoea."

Hayo ni maneno ya Bwana Mutiso, msimamizi wetu wa kompyuta, aliyoyasema jana mbele ya kamati ya mradi wa maji. Leo ni Jumanne. Malindi imeamka na joto lisilo na upepo, nami nimeamka na maneno hayo yamenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mikono inayosemwa ni ya Kadzo.

Kadzo ni karani wetu wa muda, mzaliwa wa Ganze. Kazi yake ni kuingiza kwenye kompyuta safari za malori ya maji: lori lipi limekwenda kijiji kipi, limemwaga maji kiasi gani, kisima gani kimekauka. Alhamisi kamati itakaa kuamua kama apewe ajira ya kudumu, au aondolewe kwenye mashine arudi kubeba mafaili kwa ujira wa siku. Mama yake na wadogo zake wanakula kwa mshahara wake wa ukarani. Na tangu mwezi jana mashine yake inazima ghafla, kazi ya asubuhi nzima inapotea, malori yanasubiri karatasi za safari ambazo hazitoki.

Hoja ya Mutiso naijua. Nimeisikia ikivaa kanzu, nimeisikia ikivaa suti, nimeisikia ikivaa kaptura ya Mzungu. Korosho zikiozea ghalani, mkulima wa Kakuyuni ni mvivu. Pampu ikikatika, wanawake wa Ganze hawajui kuitumia. Leo kompyuta imezima, Kadzo hana mikono. Daima kuna kitu kilichotoka mbali ambacho hakiwezi kukosea, na kuna mtu wa karibu ambaye hawezi kupatia.

Nakiri kwamba nilikwenda kazini nikiwa tayari nimemwandikia Mutiso kichwani barua ya kumchana vipande. Ilikuwa barua nzuri. Ilikuwa na aya moja ambayo hadi sasa naionea uchungu kuitupa.

Lakini hasira haitengenezi kompyuta.

Niseme mambo yalivyo, kwa sababu shajara hii naipiga chapa na kuibandika kwenye ubao wa mlangoni, na wengi wanaosimama kuisoma hawajawahi kuingia chumba chetu. Tuna mashine tatu, zote za msaada. Moja kubwa iko chumba cha ndani, nayo ndiyo ghala: mafaili yote ya mradi yanalala humo. Mbili ndogo ziko mezani, yangu na ya Kadzo. Zimeunganishwa na ile kubwa kwa waya. Ukitaka faili, mashine yako inaliomba kupitia waya huo, inaletewa, kisha inajiwekea nakala kwenye diski yake yenyewe ili isirudi kuomba tena na tena. Hiyo nakala ni kama mtu anayeteka mtungi mmoja akauweka jikoni, asiende kisimani kila akitaka kunywa.

Kadzo alinikuta nimeshaketi kwenye kiti chake.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo tunabadilishana viti." Mimi nilifundisha hesabu miaka mingi kabla ya kuja hapa, na jina la Mwalimu halijanitoka.

"Wewe ukae kwangu? Hicho kiti kina mkosi. Mwisho watasema na wewe umetoka Ganze."

"Na waseme."

Yeye akakaa kwenye mashine yangu, akafungua faili la Ganze, ambalo ndilo refu kuliko yote tuliyo nayo, akaanza kuingiza safari zake. Mimi nikafungua faili lile lile kwenye mashine yake, nikaandika polepole, kwa adabu, kama mtu anayemkanda mgonjwa. Sijamaliza hata ukurasa. Kioo kikaandika mstari mmoja wa Kiingereza, kikaganda, kisha mashine ikazima na kuanza kujiwasha upya.

Kadzo alipiga makofi.

"Haya! Na hiyo mikono yako imezoea nini, Mwalimu? Chaki?"

Nilicheka hadi machozi. Lakini chini ya kicheko nilikuwa nahesabu. Yeye kwenye mashine yangu alifanya kazi hadi chai ya saa nne bila kukwama. Mimi kwenye yake nilizimiwa kila nilipojaribu. Mikono ilibadilishana, ugonjwa ukabaki palepale.

Ningeweza kuishia hapo. Mtu wa mabishano akishapata jiwe la kurusha hupenda kurusha. Nilikwenda hadi mlangoni kwa Mutiso, nikamwambia mbele ya dereva na mhasibu, "Njoo uone mashine isiyo na kosa."

Alikuja. Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Aliketi kwenye kiti kile kile, akafungua taarifa zake za kila wiki, akasoma moja, akasoma nyingine, akaandika mistari miwili. Mashine ikatulia kama mtoto aliyeshiba.

"Unaona, Mwalimu? Mimi nikikaa hapa haizimi. Sikumsingizia msichana."

Na kweli haikuzima. Kadzo akaangalia chini. Ule utani wote wa asubuhi ulimtoka usoni. Niliona alivyoanza kuiamini ile hoja: kwamba labda ni kweli, labda kuna kitu mikononi mwake.

Hilo ndilo lililonirudisha kazini. Sikurudi kumshinda Mutiso. Nilirudi kwa sababu ya uso ule.

Nikamuuliza Mutiso swali la kawaida kabisa: taarifa zako zina urefu gani? Akasema kurasa mbili, tatu. Na faili la Ganze? Hakuna ajuaye, limekua tangu mradi uanze. Basi nikamwomba aketi tena, afungue la Ganze. Akafungua. Tukasubiri watatu sote, tumeinama juu ya kioo kile kimoja, jasho linatutiririka. Kikaandika mstari wake wa Kiingereza. Kikazima.

"Ala," akasema Mutiso.

"Pole," Kadzo akamwambia, na wala hakuwa anamdhihaki.

Kuanzia hapo tulikwenda hatua kwa hatua, naye Mutiso akiwa upande wetu. Tulichomoa waya wa mtandao, tukamwacha Kadzo aandike chochote kirefu kwenye diski ya mashine yake peke yake. Haikuzima. Kwa hiyo mashine yenyewe ni nzima na diski si mbovu. Tukarudisha waya, tukabadilisha na wangu. Ikazima. Kwa hiyo si waya, na wale wanaosema chumvi ya bahari imekula shaba wapumzike. Kisha nikaichukua programu ya mtandao, ile inayoomba mafaili kupitia waya, nikaizuia isiweke nakala kwenye diski, iombe kila kitu moja kwa moja kutoka mashine kubwa. Kadzo akafungua faili la Ganze. Likaja taratibu, mstari baada ya mstari, kama maji ya bomba siku za mgao.

Lakini mashine haikuzima. Tulingoja. Haikuzima.

Basi ugonjwa ulikuwa umejificha pale programu ya mtandao inapokutana na diski. Kila kimoja peke yake kizima, vikikutana vinaangushana. Nilichukua kitabu cha maelekezo, kile kinene ambacho watu hukitumia kuegemezea dirisha, nikakisoma kama ninavyosoma kitu cha adui yangu, neno kwa neno. Na humo, bila kelele yoyote, limeandikwa onyo: nakala za programu hii ziwekwe tu kwenye diski iliyopangwa kwa mpango wa watengenezaji wa mashine hii.

Diski, kabla ya kutumiwa, hupangwa ndani kama stoo inavyowekewa rafu na namba. Kila mtengenezaji ana mpango wake. Mashine ikiwekewa programu ya kutafsiri inaweza kusoma mpango wa mwingine, ikiuliza faili kwa jina, nayo ikaletewa. Lakini programu yetu ya mtandao haiulizi jina. Ina haraka. Inakwenda moja kwa moja kwenye namba ya rafu. Faili fupi halina haja ya rafu nyingi, huponea karibu na mlango. Faili refu linaipeleka mbali ndani, na kwenye diski iliyopangwa kwa mpango mwingine namba ile inaelekea pengine, au haielekei popote. Programu inakanyaga hewa, na inapoanguka inaiangusha mashine nzima.

Nikamgeukia Mutiso. "Diski hii imetoka wapi?"

Akavuta kiti, akaketi.

Diski ya kwanza ya Kadzo ililiwa na kutu wakati wa masika. Hilo tulilijua sote. Tusilolijua ni kwamba Mutiso alikwenda mwenyewe Kilifi kuomba nyingine kwenye ofisi ya hesabu za minazi, ambayo mashine yake, ya aina nyingine kabisa, ilikwisha kufa, ikabaki diski tu. Aliyempa ni mtunza stoo wao, Mzee Shali, mtu wa makamo ya baba zetu.

"Ningeipanga upya siku ileile," Mutiso akasema. "Ni kazi ya dakika chache. Lakini ukiipanga upya, kila kilichomo kinafutika. Na mzee alinishika mkono akaniambia, mwanangu, humu mna minazi yote ya Kilifi tuliyoihesabu kwa miguu, hatuna nakala nyingine. Nakuachia amana. Sasa mimi nifute amana ya mtu, Mwalimu? Nyinyi wenyewe watu wa Pwani si mngenisema hadi nihame?"

Kwa hiyo akaitia kama ilivyo, akaiwekea programu ya kutafsiri, akajaribu, ikasoma, ikaandika, akaridhika. Alitenga kona iliyokuwa wazi kwa ajili ya nakala zetu, na minazi ya Mzee Shali hakuigusa.

Nilikaa kwenye kiti cha mkosi, barua yangu nzuri imenikauka kichwani.

Mtu niliyekuja kumchana alikuwa amekosea kwa sababu alitunza amana. Angekuwa mtu asiyejali, angefuta diski ile, na leo mashine ya Kadzo ingekuwa inakimbia. Fundi wa Nairobi angeifuta bila kuuliza. Mimi je? Sijui. Nadhani ningefanya alivyofanya yeye, na ningejisifu juu yake.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Alhamisi nikiwaambia ni mimi, wataniuliza mbona jana nilisema ni msichana."

"Una jina," Kadzo akamkatiza. "Mimi naitwa Kadzo. Umekaa na mimi tangu mwaka jana."

Mutiso akainamisha kichwa. "Ni kweli. Nisamehe, Kadzo."

"Nimekusamehe kitambo. Ila Alhamisi useme kwa sauti ileile uliyosemea jana. Si kwa kunong'ona."

Sasa ni alasiri. Kadzo anafanya kazi bila kuweka nakala kwenye diski, faili linakuja polepole, lakini karatasi za safari zimetoka na lori la kwanza limeondoka kuelekea Ganze. Mutiso yuko chumba cha ndani anatafuta mkanda wa kuhifadhia mafaili, unaotosha kunakili hesabu ya minazi. Kuifuta diski hatuifuti, hata kwa nakala kumi, mpaka mwenyewe aseme. Juu ya hilo tumekubaliana watatu bila kupiga kura.

Bado nina hasira, msinielewe vibaya. Kumtunzia Mzee Shali amana ni jambo jema, lakini Kadzo naye alikuwa amana. Alikabidhiwa kwa Mutiso afundishwe na alindwe. Ni nini kilichomfanya mtu mwema akumbuke adabu mbele ya diski, akaisahau mbele ya binti? Si ubaya wa moyo. Ni ile hoja ya zamani, iko hewani, mtu huivuta bila kujua. Na mimi nisijitoe: ningekuwa nimefika pale mlangoni nikarusha jiwe langu nikarudi, ningemdhalilisha Mutiso, na Kadzo angebaki na mashine inayozima.

Kwa hiyo naandika kwa wanaohusika, na nitaubandika ukurasa huu sasa hivi kabla sijapoa.

Mzee Shali wa Kilifi: shikamoo. Amana yako iko salama. Njoo, au tuma mtu, nakala ithibitishwe kwa macho, utupe ruhusa tuipange diski upya.

Bwana Mutiso: sema ulichokifanya, na sema kwa nini ulikifanya. La pili ndilo litakalokulinda.

Na nyinyi wajumbe wa kamati, mliotikisa vichwa jana bila hata mmoja wenu kuinuka kwenda kuiona mashine: Alhamisi msianze kikao chumbani kwenu. Anzeni kwenye meza ya Kadzo. Kila mmoja aketi kwenye kile kiti, afungue faili la Ganze kwa mikono yake mwenyewe, sisi tutairuhusu programu iweke tena nakala kwenye ile diski kwa ajili yenu. Ikishazima mbele ya mjumbe wa mwisho, inukeni mkamwandikie Kadzo barua ya ajira.