Waridi la Jangwani Kwenye Mkebe

Baringo

Mama mpendwa,

Natumaini umeamka vyema, na kwamba mgongo haukusumbui sana wakati huu wa kuvuna viazi. Je, huko Kuresoi bado mnaota moto mchana? Mimi ni mzima. Blanketi ulilonipa nimelikunja, sijalihitaji tangu nifike.

Mama, najua mnataka kunihamishia shule ya karibu na nyumbani mwaka ujao, kwa sababu nililia kwenye simu. Kabla hamjaamua, naomba usome haya.

Jumamosi moja mwezi uliopita, mwalimu wa jiografia alitutembeza jangwani. Mvua kidogo ilikuwa imenyesha, na mchanga ulijaa maua madogo ya manjano. Miamba huko imeliwa na upepo na maji hadi zimebaki nguzo nyekundu, tabaka juu ya tabaka kama chapati zako za Krismasi. Chini ya nguzo moja niliona waridi la jangwani: shina nene kama chupa, jani hata moja hakuna, maua ya pinki tele. Nikakukumbuka. Wewe hujawahi kutoka kwa mtu bila kipandikizi cha ua. Basi nikavunja tawi.

"Wewe Njeri! Usijiguse macho!" Rafiki yangu Chelimo, ambaye ni wa huku, alinikamata mikono. "Utomvu huo ni sumu, babu zetu waliupaka kwenye mishale!"

Kwa hofu nilifungua chupa yangu nikanawa, nikanawa tena, kama niko kwenye bomba letu. Maji yakaisha, na safari ya kurudi ilikuwa ya saa mbili.

"Nyinyi watu wa viazi," Chelimo akacheka, "mnadhani maji yanaota shambani."

Tulikunywa chupa yake kwa zamu mpaka shuleni. Hakunywa funda moja kunizidi.

Tawi nililifunga kwa kitambaa chenye maji, kama unavyofanya. Chelimo akalifungua. "Litaoza hilo. Liache likauke kwanza." Baada ya siku kadhaa tulilipanda kwenye mkebe nyuma ya bweni, na kila nikitaka kulimwagilia ananifukuza. Leo asubuhi limechipua.

Anasema litachukua kama miaka miwili kutoa maua. Mama, naomba niwe hapa siku hiyo. Kisha nitakuletea, ulipande mbali na mbuzi.

Msalimie Baba, na nyanya yangu Cucu aniombee. Kaka Kamau asivae gambuti zangu za matope.

Ni mimi binti yako, ambaye halii tena,
Njeri