Baba, Hatujatawanyika

Baba,

Shikamoo. Ni mimi Tatu, kitindamimba wako. Nimekaa barazani kwetu hapa Bangwe, nina jambo la kukuambia ambalo ulipokuwa hai nilishindwa kulisema.

Ulikuwa unaamini familia yako imekushinda. Mara ngapi nilikusikia ukimwambia Mama, "Hawa watoto wako hawapendani. Siku nikiondoka watatawanyika." Kisa mimi na Kaka Hamisi tulibishana hata juu ya samaki wa mboga, mgebuka, akaangwe au apikwe kwa mawese. Ulipoingia, tulinyamaza. Nadhani kimya kile ndicho ulichokiita amani.

Baada ya arobaini yako tulikaa kikao. Kaka alitaka Mama ahamie kwake Mwandiga, awe karibu na wajukuu. Mimi nikasema haendi popote. Tukapandishiana sauti, Baba, mpaka Baba Mdogo akanyanyuka aondoke, akisema marehemu alitujua vizuri.

Mama akamwambia, "Kaa, shemeji. Mume wangu alikuwa anaona ugomvi. Mimi naona watoto wanaosemezana. Ila mbona hakuna aliyeniuliza mimi nataka kukaa wapi?"

Aibu iliyonishika! Tulikuwa tunampigania, hatujamsikiliza. Tabia hiyo, unisamehe, tuliirithi kwako.

Kaka ndiye aliyemuuliza. Mama akajibu bila kusita: anabaki hapa hapa, anaanika dagaa wake na wenzake, wajukuu watamfuata wakifunga shule. Kesho yake Kaka akaja na fundi kuziba paa la jiko. Mimi nikarudisha chumba nilichopanga Gungu, nikahamia kwa Mama. Sasa shule zimefungwa, watoto wamejaa uani, na jana tu nimegombana na Kaka kuhusu nani awaogeshe. Aliwaogesha yeye.

Siku tulipokuzika, kilichoniuma zaidi ni kwamba uliondoka ukidhani umeacha nyumba mbovu. Hapana, Baba. Uliacha nyumba nzima. Hukuisikia vizuri tu, na sisi hatukukuambia.

Mungu akupe mapumziko mema. Nakuahidi, jambo lolote linalomhusu Mama, ataulizwa kwanza yeye. Na Kaka akikosea nitamwambia usoni, naye ataniambia mimi, halafu tutakula pamoja.

Kwaheri, Baba yangu.

Mwanao,
Tatu